Mkate wa Mwenyewe

Unga kilo, mayai manane, hamira,
siagi, maziwa ya uvuguvugu,
ganda la limau lililokunwa.
Kisha ule mstari baba alioutafsiri kwa mbwembwe,
kidole juu kama kadhi anayetoa hukumu:
*Kanda mpaka boriti ya dari itoe jasho.*

Dari yetu zege. Fleti za Wete, ghorofa ya tatu,
na jasho huku halingoji kuitwa:
mie nimelowa mgongo mzima
na mkono haujaingia karaini.

Daftari la jalada la kijani, pembe zimeliwa na mende.
Mwandiko si wa baba. Umelala upande,
mwembamba, una *a* iliyovaa kofia
na *s* inayoburura mkia.
Chini, jina: Viorika. Kluji, sabini na nane.
Mama mwenye nyumba tu, alisema baba,
kizee cha meno matatu.
Mama akajibu, "Haya,"
na tangu siku hiyo ukaitwa mkate wa mwenyewe.
Mwenyewe nani, hatukuuliza.

Alirudi na shahada ya udongo, daftari hili,
na koti la sufu zito kama mtu wa pili.
Kule, alituambia, unga hulazwa kama mgonjwa wa homa,
madirisha hufungwa, watoto hunyamazishwa,
baridi isije ikauingia ukanywea.
Basi kila mwezi ishirini na nane wa Ramadhani
akilifunika karai zima kwa lile koti,
na unga, usiojua baridi ni mnyama gani,
ukiumuka kwa ghadhabu, ukipanda hadi ukosini,
ukiingia mikono yote miwili.
"Shaame," mama akimwambia,
"mfunue mwenzio, utamuua na joto."

Jozi hatukuwa nazo; tulitwanga korosho.
Maziwa yalipoadimika tulitia tui zito la kwanza.
Iliki Viorika hakuitaja,
ila mama hajaona bado unga mtamu akaunyima iliki.
Joko pia hatuna. Sufuria, moto chini,
makaa ya vifuu juu ya mfuniko,
nje kwenye roshani, na jirani Bi Mwanahija
akikohoa kwa makusudi, asisahauliwe kipande.

Kusuka tu ndiko hakuhitaji daftari.
Misokoto miwili, huu upite juu, ule chini,
kama nilivyosukwa mie kila Alkhamisi jioni,
kichwa kimebanwa na magoti ya mama,
nalia, naambiwa nitulie.

Mwaka huu koti limo sandukuni.
Nakanda peke yangu baada ya tarawehe,
mama yuko mkekani, mtoto wa jicho macho yote mawili,
anachambua korosho kwa ncha za vidole.
Nikavunja mayai. Sita, maana trei imepanda bei.
"Manane," akasema. Alikuwa akihesabu kwa sikio.
"Mwenyewe kasema manane."
Nikaongeza mawili.
"Na limau, ukifika kwenye weupe wake simama,
usije ukatutia uchungu."

Nikachukua taa na daftari.
Hayo hayamo kwenye wino wa Viorika.
Yamo pembeni, kwa penseli, mwandiko wa baba,
mdogo, kama wa mtu anayeficha deni:
*Mize kasema: ukifika kwenye weupe simama.*
Nikafunua ukurasa wa pili.
*Mize kasema: iliki, punje saba.*
*Mize kasema: tui linatosha, maziwa ya nini.*
Na chini kabisa, penseli imebonyezwa mpaka karatasi ikatoboka:
*Mize kasema: koti la nini.*

"Mama," nikasema, "unajua humu mmeandikwa nini?"
"Nitajuaje? Mie sisomi."
Korosho moja ikamponyoka, akaitafuta mkekani,
akaipata, akaila.
"Kanda, mwanangu," akasema, uso ameuinua juu,
macho meupe kama maziwa.
"Dari kavu hiyo."